Mrututu, salfeti ya shaba(II) au CuSO₄·5H₂O: utumie jina lipi, na fomula uiandike kwa njia ipi

Mjomba wangu analima zabibu Mpunguzi, kwenye barabara ya kwenda Iringa. Mwaka mmoja mvua za Januari zilikuwa nzito kuliko tulivyozoea Dodoma, na mizabibu ikaingiwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu. Jirani akamshauri achanganye mrututu na chokaa, dawa ambayo Wafaransa wa Bordeaux wanapulizia mizabibu yao tangu miaka ya 1880. Vipimo vyake ni vyepesi kukumbuka: kilo moja ya mrututu, kilo moja ya chokaa, lita 100 za maji.

Mrututu aliupata bila tabu. Ni punje za buluu iliyokolea, hazifanani na kitu kingine dukani. Kwenye chokaa ndiko alikoponzwa. Muuzaji alimuuliza, "Chokaa ya shamba?" Mjomba akaitikia ndiyo, kwani si anakwenda nayo shamba? Akafungiwa mfuko wa mawe ya chokaa yaliyosagwa, ule wa kumwaga kwenye udongo wenye asidi. Alichohitaji ni chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka kuta. Baada ya siku tatu majani yalikuwa na madoa ya kahawia utadhani mtu amepita akiyachoma kwa ncha ya sigara.

Nilipofika Jumapili, mjomba alikuwa amekaa chini ya mpera na ule mfuko mapajani. "Mwanangu, chokaa si chokaa?"

Hapana mjomba, si chokaa. Ndani ya neno hilo moja kuna vitu vitatu. Kuna CaCO₃, jiwe lenyewe. Ukilichoma tanuruni linatoa hewa ya kaboni dioksidi na kubaki CaO, chokaa kali inayochemka ikiguswa na maji. Ikishamwagiwa maji ikapoa inakuwa Ca(OH)₂, chokaa iliyozimwa. Hiyo ya mwisho huikamata shaba ya mrututu mara moja ikaacha kudhuru majani. Jiwe lililosagwa haliyeyuki vya kutosha kufanya kazi hiyo ndani ya pampu, kwa hiyo shaba inabaki huru, na shaba huru inaunguza.

Mimi hufundisha kemia tuisheni za Jumamosi, Nkuhungu. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha pili wakifika kwenye mada ya fomula na majina ya kampaundi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, mbona kitu kimoja kina majina manne? Tushike lipi?" Siku ile ya Mpunguzi nilitambua kwamba swali la mjomba na la wanafunzi ni moja. Hapa nayaweka majina hayo ubavu kwa ubavu, kisha njia za kuandika fomula, na kila mahali nasema ningechagua nini mimi.

Jina la dukani

Mrututu, shabu, jasi, magadi, chokaa, zebaki, shura. Haya ni majina ya kale ya Kiswahili na siyadharau hata kidogo. Uzuri wake ni kwamba yameshika kitu kama kilivyo mkononi, pamoja na maji yake. Ukisema mrututu umesema CuSO₄·5H₂O, zile punje za buluu. Ukizikaanga juu ya moto maji yanaondoka na unabaki na unga mweupe, CuSO₄ tupu. Tofauti hiyo ina uzito wa kweli. Katika gramu 249.5 za mrututu shaba ni gramu 63.5, yaani kama robo. Katika unga mweupe shaba inakaribia asilimia 40. Mtu akikuandikia "gramu 10 za salfeti ya shaba" bila kutaja maji, hajakwambia shaba ni kiasi gani. Muuza duka aliyesema "mrututu" amekwambia. Jasi nayo ni hivyohivyo: ile inayochimbwa Itigi na Msagali ni CaSO₄·2H₂O, na neno lenyewe limeshabeba maji hayo mawili.

Ubaya wake umeshauona kwenye chokaa. Magadi ni mabaya zaidi. Mama yangu hapiki mlenda bila magadi, na aliyazoea ya majivu: majivu ya mimea yanachujwa kwa maji, na kinachotoka ni kaboneti ya potasiamu kwa sehemu kubwa, K₂CO₃. Sokoni Majengo ukiomba magadi unapewa mabonge yanayotoka kwenye maziwa ya bonde la ufa, ambayo ni kaboneti ya sodiamu iliyoshikana na hidrojenikaboneti na maji, Na₃H(CO₃)₂·2H₂O. Na wapo wanaoita magadi ule unga mweupe wa kuumulia maandazi, NaHCO₃. Kwenye mlenda yote matatu yatalainisha mboga, na walaji hawatalalamika. Kwenye maabara, ukipima gramu moja ya kila kimoja ukaweka asidi, utapata majibu matatu tofauti na utabaki kulaumu mizani.

Hata chaki ya ubaoni inadanganya. Kitabu cha kemia kitakwambia chaki ni CaCO₃, na chaki ya ardhini kweli ni hiyo. Lakini chaki nyingi za shule hutengenezwa kwa jasi. Huwa nawapa wanafunzi kipande cha chaki na ndimu. Tone likitoa povu, ni kaboneti. Likikaa kimya, ni salfeti. Dakika mbili tu, na nusu ya darasa wanaacha kuamini jina.

Jina la zamani, la ‑ous na ‑ic

Mwaka 1787, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walitoa kule Ufaransa utaratibu wa kuita kampaundi kwa vitu vilivyomo ndani yake. Kabla ya hapo wanakemia wa Ulaya walikuwa na majina kama yetu ya dukani: mafuta ya hiki, maua ya kile. Kwao jina lilikaa kama linavyokaa katika Kiswahili, *sulfate de cuivre*, salfeti ya shaba. Kiingereza kikaligeuza, metali mbele. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayefikiri "kloridi ya sodiamu" kisha akaandika ClNa hajapotea kwa ujinga, amefuata mdundo wa lugha yake. Nawaambia: Kiswahili kinataja tunda kabla ya mti, fomula inataja mti kwanza.

Metali zenye sura zaidi ya moja, yaani zinazoweza kubeba chaji tofauti za umeme, zikahitaji kutofautishwa, na hapo ndipo miishio ‑ous na ‑ic iliposhika kazi. Chuma chenye chaji +2 kikaitwa ferasi, cha +3 feriki. Shaba ya +1 kuprasi, ya +2 kupriki. Bati la +2 stanasi, la +4 staniki. Shina limetoka Kilatini, ndiyo maana alama ya chuma ni Fe na ya bati ni Sn, na anayejua majina haya hababaiki na alama hizo. Hilo ndilo jema pekee ninalolipa alama kamili.

Kasoro yake ni kwamba mwishio unakwambia "chini" au "juu" lakini haukwambii ngapi. Kuprasi ni +1, ferasi ni +2, mwishio mmoja. Lazima ukariri kila metali kivyake. Halafu una ngazi mbili tu. Manganizi ina MnO, Mn₂O₃, MnO₂, na ndani ya pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau ya dukani, imefika +7. Utaipa nani ‑ous na nani ‑ic?

Hata hivyo jina hili halijafa na halitakufa karibuni. Ukienda kliniki ya wajawazito, vidonge vya kuongeza damu vimeandikwa ferasi, si chuma(II). Kwenye dawa ya meno yenye madini ya bati utasoma stanasi floridi. Na neno bikaboneti limeganda midomoni mwa watu, ingawa ndani ya NaHCO₃ hakuna kitu kilicho viwili. Hiyo "bi" ilitokana na hesabu ya wazee: kwa kiasi kilekile cha sodiamu, chumvi hii ina kaboneti mara mbili ya ile ya Na₂CO₃. Hesabu yao ilikuwa sahihi, ila jina linampeleka mwanafunzi wa leo kuandika Na(CO₃)₂. Nimelisahihisha kosa hilo mpaka kalamu nyekundu imeisha wino.

Jina la Stock, lenye namba za Kirumi

Mjerumani Alfred Stock alikuja na wazo hili mwaka 1919: acha miishio, andika chaji ya metali yenyewe kwa namba ya Kirumi ndani ya mabano. Salfeti ya chuma(II), oksidi ya chuma(III), oksidi ya manganizi(IV). Hakuna nafasi kati ya jina la metali na mabano, na metali ambayo ina sura moja tu haipewi namba. Sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na alumini hazihitaji. Ukiandika kloridi ya sodiamu(I) hujakosea kisayansi, ila ni kama kumwita mtu "mama yake mzazi wa kike".

Mimi nimelichagua hili liwe la kwanza kufundishwa, na sababu ni moja: linakupa chaji bure. Ukiwa na chaji una fomula. Jina la zamani linakupa chaji kwa masharti ya kukariri, la dukani halikupi kabisa.

Lakini lina mtego mmoja, na wanafunzi huingia wote kwa mpigo kama mbuzi kwenye zizi. Wanadhani namba ya Kirumi ni idadi ya atomu. Ukiwapa kloridi ya chuma(II) wanaandika FeCl₂, unafurahi, kumbe wameona II wakaibandika popote penye nafasi. Wape oksidi ya shaba(II) uone. Watakuandikia Cu₂O, ambayo ni kampaundi nyingine kabisa, oksidi ya shaba(I), nyekundu, wakati waliyoombwa ni CuO nyeusi. Kwa hiyo siku ya kwanza sianzi kamwe na kloridi ya chuma. Naanza na oksidi ya shaba(II) ili kosa lijitokeze mapema.

Jina la kuhesabu: mono, dai, trai

Pale ambapo hakuna metali, namba ya Kirumi inaachia nafasi viambishi vya kuhesabu: mono, dai, trai, tetra, penta, heksa. Hapa jina linataja atomu moja kwa moja. Dainaitrojeni tetroksidi ni N₂O₄, hutafuti chaji, hupigi hesabu, unasoma na kuandika.

Umuhimu wake wanaujua waliolala na jiko la mkaa chumbani usiku wa Julai, baridi ya Dodoma ikiwa imekaza na madirisha yamefungwa. Kaboni dioksidi, CO₂, tunaipumua kila dakika. Kaboni monoksidi, CO, haina rangi wala harufu, inaishika damu mahali pa oksijeni na mtu haamki. Silabi moja ndiyo tofauti kati ya majina hayo.

Kosa la kawaida ni kulivusha jina hili upande wa metali: "kalsiamu daikloridi", "daialumini traioksidi". Anayekusikia ataelewa, mtihani hautakupa alama. Kanuni ninayowapa ni fupi. Kuna metali? Namba ya Kirumi kama ina sura nyingi, bila namba kama ina moja. Hakuna metali? Hesabu kwa mono na dai. Amoniamu, NH₄⁺, ichukulie kama metali kwenye majina, ingawa si metali.

Kuna jambo lingine la majina ambalo halina mfumo wa kuchagua, ni la masikio tu. Salfaidi, salfaiti, salfeti. FeS, FeSO₃, FeSO₄. Kwa masikio yaliyokulia Kiswahili, ukisema haraka yanafanana mno, na darasani kwa Kiingereza ndiyo kabisa. Salfaidi haina oksijeni. Salfaiti ina oksijeni pungufu. Salfeti ina nyingi. Naitraidi, naitraiti na naitreti ni mpangilio uleule. Mwalimu, andika ubaoni, usiimbishe.

Haya machache yanaonyesha majina yakisimama pamoja:

| Fomula | Linalosikika mtaani | Jina la zamani | Jina ninalofundisha |
|---|---|---|---|
| CuSO₄·5H₂O | mrututu | kupriki salfeti | salfeti ya shaba(II) yenye maji 5 |
| FeSO₄ | dawa ya damu | ferasi salfeti | salfeti ya chuma(II) |
| Fe₂O₃ | wekundu wa udongo wetu | feriki oksidi | oksidi ya chuma(III) |
| NaHCO₃ | magadi, kwa baadhi ya watu | bikaboneti ya sodiamu | hidrojenikaboneti ya sodiamu |
| MnO₂ | unga mweusi wa betri | – | oksidi ya manganizi(IV) |
| Ca(OH)₂ | chokaa | – | hidroksidi ya kalsiamu |
| CO | sumu ya jiko | – | kaboni monoksidi |

Sasa fomula: ukariri, ukrosi, au usawazishe chaji?

Kukariri nitakupitisha haraka. Ukikariri fomula 40 swali litakuja na ya 41, fosfeti ya magnesiamu. Kinachostahili kukaririwa ni ayoni za makundi tu, yaani atomu zilizoungana na kubeba chaji kwa pamoja, na kwa kidato cha pili ni saba: NH₄⁺, OH⁻, NO₃⁻, HCO₃⁻, SO₄²⁻, CO₃²⁻, PO₄³⁻. Ziandike nyuma ya daftari, uzitazame mpaka zikuchoshe.

Kukrosi ndiyo njia inayopendwa. Unaandika alama mbili, juu ya kila moja valensi yake (namba ya chaji bila alama ya + au −), kisha unabadilishana: valensi ya huyu inakwenda chini ya yule. Alumini 3, oksijeni 2, unapata Al₂O₃. Ni ya haraka, inaonekana kama mazingaombwe, na kwa swali la kwanza hadi la tano kwenye zoezi haikosei. Walimu wengi wa tuisheni tunaipenda kwa sababu mwanafunzi anatoka siku ileile akiwa na furaha, na mzazi anaona ada yake imefanya kazi. Nimeifundisha miaka kadhaa. Nimeiacha, na nitaeleza kwa nini kwa kirefu kidogo.

Kwanza, inahitaji kiraka. Kalsiamu 2, oksijeni 2, unapata Ca₂O₂. Basi unamwambia mwanafunzi "rahisisha", anapata CaO. Vizuri. Wiki ijayo anakutana na H₂O₂, ile dawa ya kuoshea vidonda, anairahisisha inakuwa HO. Anakutana na Hg₂Cl₂, anaandika HgCl. Anakutana na N₂O₄, gesi isiyo na rangi, anaipunguza kuwa NO₂, gesi ya kahawia. Wewe ndiye uliyemfundisha kurahisisha, sasa unamgombeza kwa kurahisisha.

Pili, na hapa ndipo niliposhindwa nayo, hairudi nyuma. Mtihani haukuulizi fomula tu. Unakupa CuO na kukuuliza jina. Aliyezoea kukrosi anageuza mshale: chini ya oksijeni kuna 1, kwa hiyo shaba ni 1, kwa hiyo oksidi ya shaba(I). Amekosa. Mpe FeO, chuma(I). Mpe PbO₂, atapata risasi(II) na oksijeni ya 1. Mpe FeSO₄, chuma(I) tena. Ile hatua ya kurahisisha ilifuta alama za miguu, na sasa anafuata nyayo ambazo hazipo.

Kusawazisha chaji ni polepole siku mbili za kwanza. Nawapa mfano wa fedha. Mtu mmoja ana noti za elfu mbili tu, mwingine ana noti za elfu tano tu. Kila mmoja atoe kiasi sawa na mwenzake, kidogo iwezekanavyo, na hakuna chenji. Watoto wa Sabasaba sokoni wanajibu kabla sijamaliza: elfu kumi. Noti tano upande huu, mbili upande ule. Basi, magnesiamu ina +2 na fosfeti ina −3. Kiasi kidogo kinacholingana ni 6. Magnesiamu tatu, fosfeti mbili: Mg₃(PO₄)₂. Kalsiamu na oksidi zote zina 2, moja kwa moja inatosha, hakuna cha kurahisisha kwa sababu hukuzidisha kitu.

Kurudi nyuma ni hesabu ileile. PbO₂: oksijeni mbili ni −4, risasi iko peke yake, kwa hiyo ni +4, oksidi ya risasi(IV). CuO: oksijeni −2, shaba +2. FeSO₄: salfeti −2, chuma +2. KMnO₄: oksijeni nne ni −8, potasiamu +1, manganizi inabaki kubeba +7. Mtoto wa kidato cha pili anafika +7 bila kutajiwa neno "oksidesheni".

Na ikikwama, inakwama kwa faida. Fe₃O₄: oksijeni nne ni −8, chuma tatu, kila kimoja mbili na theluthi mbili? Darasa linacheka. Hapo ndipo unawaambia kwamba humo ndani mna chuma cha aina mbili, kimoja cha +2 na viwili vya +3, na jina lake ni oksidi ya chuma(II,III). Kisha unawatuma korongoni na sumaku ya spika mbovu. Wakiiburuta kwenye mchanga inarudi na ndevu nyeusi, na ndevu hizo mara nyingi ni Fe₃O₄ hiyohiyo. Kukrosi kusingekufikisha korongoni.

Kitu kimoja njia zote mbili zinahitaji ni mabano. CaOH₂ ina oksijeni moja, Ca(OH)₂ ina mbili. NH₄SO₄ haisimami, (NH₄)₂SO₄, salfeti ya amoniamu, ndiyo SA ya mfuko wa mbolea. Kundi likiwa moja mabano hayahitajiki, likizidi moja ni lazima.

Nani achague nini

Kama wewe ni mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu, anza na jina la Stock na kusawazisha chaji, uvikae miezi miwili bila kugusa kingine. Majina ya ‑ous na ‑ic jifunze kuyasoma tu, kama unavyosoma ujumbe wa babu ulioandikwa kwa herufi za zamani. Swali likikuuliza kwa mtindo fulani, jibu kwa mtindo huohuo.

Kama umebakiza wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha nne na umezoea kukrosi, usibadilishe sasa. Krosi fomula zako, lakini ukiulizwa jina kutoka kwenye fomula, piga hesabu ya chaji kwa swali hilo pekee.

Muuguzi na mfamasia hawana budi kushika jina la zamani, maana ndilo lililo kwenye kopo. Ajuaye yote mawili atamwelezea mgonjwa vizuri zaidi, lakini akilazimika kuchagua, asome kopo.

Mkulima anayenunua mbolea ana jina la tano, ambalo wanafunzi hawafundishwi: namba za kwenye mfuko. DAP imeandikwa 18-46-0. Hiyo 46 ni asilimia ya P₂O₅, na ndani ya mfuko hakuna hata chembe ya P₂O₅. Kilichomo ni (NH₄)₂HPO₄. Ni desturi ya kibiashara ya kupima fosforasi kana kwamba yote ingekuwa oksidi. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20, yaani kilo 10 katika mfuko wa kilo 50. Kwa kulinganisha mfuko na mfuko namba hizo zinafaa kabisa, mradi zote zimeandikwa kwa desturi moja. Usizichanganye na fomula.

Na kwa mnunuzi wa dawa za shamba nasema: mrututu sema mrututu, inatosha. Chokaa na magadi usitaje kwa jina la mtaani peke yake. Soma ubavuni mwa mfuko utafute fomula, na ukikosa, uliza ni ya kupaka ukuta au ya kumwaga ardhini. Ukishachanganya, chovya msumari safi wa chuma, usiwe uliopakwa zinki, uuache dakika chache. Ukitoka umevaa wekundu, shaba bado iko huru: chuma kimeingia kwenye maji kikawa salfeti ya chuma(II) na shaba imekaa mahali pake. Ongeza chokaa iliyozimwa kidogo kidogo mpaka msumari utoke kama ulivyoingia.

Mjomba sasa hivi ana msumari wake, ameutundika kwa uzi kwenye mlango wa ghala. Ana madebe matatu pia, na kila moja ameliandika fomula kwa rangi nyekundu, kubwa, ili hata kibarua aione. Nilipokwenda mara ya mwisho debe la chokaa lilikuwa limeandikwa CaOH2. Nikaomba brashi, nikaongeza mabano.